Friji Inayofuata Ufunguo

Jumatatu, 3 Machi

Kobe, lori letu, amegoma. Asubuhi nimeingia kabini, nimezungusha ufunguo — tk. Basi. Hata taa za dashibodi hazikufumbua jicho. Na amelala yadini Jumamosi na jana tu! Betri zote mbili tulizinunua juzijuzi.

Wapakiaji wakaja kusukuma. Lori la tani saba, watu wanne, matumbo matupu. Wakaishia kuniuliza kama nimelifunga breki makusudi. Ikabidi nimpigie shemeji. Akaja na waya za jampa, amevaa shati lake la ofisini, akawa anachomeka kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika tai isiguse grisi. Kobe akawaka kwa kukohoa.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Nusu ya lori ni yake. Yeye anatafuta mizigo, mimi naipeleka. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza, na akauliza: nini kinanyonya betri? Nikasema friji. Friji? Akapanda kabini, akaiona nyuma ya kiti, ndogo, ya bluu, waya wake nimeupitisha chini ya zulia mpaka kwenye betri moja kwa moja, kwa mkono wangu mwenyewe. Ya nini? Nikasema ya soda.

Sijui hiyo soda ilitoka wapi. Mdomo uliitamka kabla sijaifikiria. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Shem, akasema, umeanza starehe uzeeni. Nikacheka naye.

Ukweli ni kwamba friji ni ya dawa. Tangu Januari najichoma insulini kwa sababu ya sukari. Nesi alisema isikae kwenye joto la kabini, na pia isigande. Safari zangu ni siku nne, tano. Niliiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu, ikaganda, nikaitupa. Ndiyo maana ya friji. Anayejua ni mke wangu peke yake.

Shemeji akijua atanichukulia ufunguo. Simsingizii. Yule dereva tuliyemwajiri mwaka juzi, macho yalipoanza kumsumbua, shemeji alimwita, akamshukuru vizuri kabisa, akampa mkono wa heri, na ufunguo ukabaki mezani. Siku ileile. Na mimi nilikuwepo, nikasema shemeji amefanya la maana.

Nje ya usukani sijui kazi nyingine. Naogopa, basi.


Jumatano, 5 Machi

Shemeji ameamka na suluhisho. Friji ichukue umeme wa ufunguo. Ukiwasha gari, friji inawaka. Ukizima, inazima, betri inabaki salama. Amenichorea nyuma ya bahasha. Nimeona ni jambo la akili kabisa, nikamwambia kumbe zile ada za shule hazikupotea zote.

Sasa huo umeme uko wapi? Nimeazima taa ya kupimia, ile yenye sindano mbele na waya wa kubana nyuma. Unabana kwenye chuma cha gari, unagusa fyuzi kwa sindano, ikiwaka ujue pana moto. Rahisi! Nimefungua sanduku la fyuzi chini ya dashibodi, nimepiga magoti, kichwa ndani, miguu nje. Fyuzi hii ina moto hata ufunguo ukiwa mfukoni. Hii ina moto ufunguo ukifika kituo cha pili. Hii ina moto kituo cha kwanza na cha pili, ukipiga stata unakatika, ukiachia unarudi. Kwa nini ukatike? Nani kaukasirisha? Nyingine haina moto kabisa, sijui ni ya nini, na nimeogopa kuigusa tena.

Mwisho nimeachana na fyuzi, nimechagua waya mwekundu uliokuwa karibu na mkono. Taa iliwaka. Nikaunga, nikafunga tepu, nikazungusha ufunguo. Friji kimya. Nikagonga hiki, nikabonyeza kile — friji ikawaka! Na waipa zikawaka. Nikazima waipa, friji ikazima.

Nimekaa kabini muda mrefu, jua kali, waipa zinafagia kioo kikavu, nikijiuliza kama hili ni tatizo kubwa au dogo. Mpakiaji mmoja alipita, akatazama mbinguni, akanitazama mimi, akaenda zake.


Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaniletea fundi. Mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, mfuko wa koleo begani. Mtaa mzima wa gereji wanamwita Bi Fyuzi na anaitika. Kwanza ameufungua waya wangu wa waipa. Hakucheka. Ameukunja vizuri akanirudishia, na hiyo imeniuma kuliko kicheko.

Akauliza friji ni ya nini. Kabla sijameza mate, shemeji akajibu: ya soda za mzee. Bi Fyuzi akauliza tena, safari hii akinitazama mimi: na gari likisimama, friji ikizima, hamna shida? Shemeji akasema hicho ndicho tunachokitaka. Mama akaendelea kunitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikubali kwa moyo mmoja, niseme kweli. Nilikuwa nawaza betri tu.

Kazi yake ni safi. Alieleza na mimi nikasikiliza kama mwanafunzi wa mwisho darasani. Waya wa kutoka kwenye ufunguo ni mwembamba, ukiubebesha friji utaungua. Kwa hiyo unaupa kazi ya kuamrisha tu. Unaiamrisha rilei, kidude cheusi hivi cha kiganja. Rilei ikiamrishwa inafungua njia, na umeme wenyewe mnene unatoka betri kwenda friji. Shemeji akasema nimeelewa, ufunguo ni mama mkwe, anakaa anaamrisha, kazi anafanya mkwe. Bi Fyuzi akamjibu bila kuinua kichwa: mimi ni mama mkwe, na kwangu nafagia mwenyewe. Shemeji akamshikia tochi kwa heshima.

Akaweka na fyuzi nyingine karibu na betri, waya ukichubuka usichome gari. Tukajaribu. Ufunguo kituo cha pili, friji inanguruma. Ufunguo nje, kimya. Ndani, nje. Ndani, nje. Nimefurahi mpaka nikamnunulia kila mtu soda.


Jumapili, 9 Machi

Kesho naondoka. Mke wangu kanipangia dawa ndani ya friji, kalamu mbili za sindano ndani ya kisanduku chake, juu yake soda sita za kufunikia. Alikuwa anazipanga huku amenuna. Shemeji alipita mchana, akamtania kwamba mumeo sasa ana baa ndani ya lori, ikabidi acheke. Alipoondoka, mke wangu akaniambia hajawahi kumdanganya mdogo wake tangu wako watoto, na kwamba mimi na huyo mdogo wake siku moja tutampasua katikati. Nikamwambia ni kwa muda tu. Akauliza muda gani. Nikaenda kuangalia matairi.


Jumatano, 12 Machi

Foleni ya kiwanda cha saruji. Tumesimama tangu jana asubuhi. Mashine ya kupakia imekufa, wanasema kesho, na kesho yao naijua. Injini nimezima, mafuta si maji ya mvua. Kabini inachemka. Usukani haushikiki bila kitambaa. Madereva wote tumejilaza chini ya matrela.

Sukari asubuhi kumi na nne, na nesi anataka isivuke kumi. Nikajichoma. Mchana kumi na saba. Sielewi. Nimekula yai na kipande cha mkate. Jana jioni vilevile, najichoma, inapanda. Nimepima tena kwa kidole kingine, labda kidole kile kina tabia mbaya. Kumi na saba na nukta.

Nakunywa maji, nakojoa, nakunywa maji. Dereva wa lori la nyuma ameanza kunitazama.


Alhamisi, 13 Machi

Nimejiongeza uniti za dawa asubuhi. Hakuna kitu. Kinywa kikavu, macho yana ukungu, hasira bila sababu, nimemgombeza mtu aliyeniuliza saa.

Sasa andika hili. Yule dereva wa nyuma jana alinigawia maji yake, nikaona leo nimtolee soda. Akafungua, akapiga funda, akaitazama chupa. Akaniuliza kwa adabu kabisa kama hii ni soda au uji.

Nikaishika chupa. Ya moto! Nikapanda, nikatia mkono ndani ya friji mpaka chini. Kisanduku cha dawa kina moto wa kumwamsha mtu. Siku mbili friji imezimwa kwa sababu gari limezimwa kwa sababu niko kwenye foleni. Na ndivyo nilivyotaka mwenyewe. Waliniuliza, nikakubali kwa kichwa mbele ya watu wawili.

Nimekuwa najichoma maji ya moto. Mimi mjinga mimi. Nimekaa kwenye ngazi ya kabini sijui nimcheke nani.

Nimezungusha ufunguo kituo cha pili, injini imezimwa. Friji imenguruma. Nimeuacha hapohapo. Dawa hii sijui kama bado ni dawa, lakini siwezi kuiacha iendelee kuiva.


Ijumaa, 14 Machi

Mashine ya kiwanda imepona alfajiri. Foleni nzima imesogea. Mimi — tk. Betri zimekufa.

Honi, matusi, mama zetu wote wametajwa. Wa nyuma akanisogezea betri zake tukaunga jampa. Hakuuliza chochote, ila alisema mzee, hiyo friji yako ina njaa.

Nikampigia shemeji kumweleza kuchelewa. Akashangaa: si tulifunga kwa ufunguo? Betri inaishaje? Nikasema sijui. Basi yule mama ametuchezea, akasema, ameunga moja kwa moja akatuuzia maneno ya rilei.

Nikasema: labda.

Neno moja tu. Nimelibeba toka kiwandani mpaka nimeshusha mzigo.


Jumatatu, 17 Machi

Siku ndefu. Asubuhi kliniki. Nesi akasoma vipimo vyangu, akakunja uso. Akauliza kama nakosea kuchoma. Nikasema hapana, na ni kweli, kuchoma sikukosea. Ningeendelea hapo nikasema dawa ilipata joto, lakini ningeulizwa wapi, na kwa nini, na nafanya kazi gani, na kama kazini wanajua. Akaniongezea uniti. Si chache. Akanipa na kalamu mpya. Nikasema asante.

Mchana yadini. Bi Fyuzi ameitwa. Amekuja na mfuko wake, amevua viatu, ameingia chini ya dashibodi. Shemeji amesimama mlangoni anaongea. Anaongea kistaarabu, na ndiyo mbaya zaidi: kwamba sisi si watu wa kelele, kwamba kazi ikiharibika inarudiwa, kwamba mtaa huu mafundi ni wengi. Mama anafungua tepu moja baada ya nyingine. Amepima ufunguo ukiwa nje: hakuna moto kwenye waya wa friji. Amepima tena. Ameng'oa rilei, ameitikisa sikioni, ameiweka nyingine. Jasho linamdondoka kwenye miwani. Anasema sioni kosa. Shemeji anasema kosa lipo, maana betri iliisha. Mama akasema labda mikono yangu imezeeka.

Nilikuwa nimesimama pale. Ufunguo uko mfukoni mwangu, naubana mpaka meno yake yakaacha alama kiganjani. Na sikusema.

Alipoondoka alinipita bila kuniaga. Sina raha hata kidogo.


Jumanne, 18 Machi

Nimemfuata bandani kwake. Alikuwa anachomelea kitu kidogo kwa risasi ya kuyeyusha, moshi unampita puani. Hakunikaribisha kiti, nikakaa juu ya betri kuukuu. Nikamwambia yote. Dawa, foleni, ufunguo kituo cha pili.

Akaweka chini kile chuma cha kuchomelea. Nilitegemea tusi. Akasema: "Uliniambia soda, nikafunga soda. Ungeniambia dawa ningefunga dawa. Havifungwi namna moja, baba."

Nikamuuliza dawa inafungwaje. Akanionyesha kwa kidole mezani: betri ya tatu, ndogo, ya friji peke yake. Gari likitembea inachaji. Gari likizima inatengwa na zile kubwa, friji inakula hiyo hadi siku mbili na Kobe haguswi. Nikauliza si tuifunge leo? Akanitazama juu ya miwani. "Betri ya tatu kwa ajili ya soda? Shemeji yako atauliza, na akiuliza utamwambia nini, zimekuwa pombe?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema ameshikilia koleo miaka mingi na jana ni mara ya kwanza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe, alikwenda nyumbani hakula. Hatasema siri yangu, ugonjwa wa mtu ni wa mtu. Lakini jina lake ndilo linalojaza sufuria lake. Jumamosi atakwenda kwa shemeji kumwambia kazi ilikuwa nzima na dereva ndiye aliyeacha ufunguo. Kwa nini niliuacha, hilo nitajibu mimi. Halafu akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akawasha tena kile chuma chake.

Mke wangu amenipokea na swali: umemwambia? Nikasema nimemwambia Bi Fyuzi. Akasema kumbe unaweza.


Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda ofisini kwa shemeji nimwambie. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari, nimeifanyia mazoezi njia nzima. Kabla sijakaa akasema: Shem, kesho naenda na wewe. Nataka nilione hilo tatizo la betri kwa macho yangu, maana hapa kila mtu anasema hana kosa.

Siku tatu, mimi na yeye, kabini moja. Sentensi yangu ikapotea. Nikamwambia alete shati lisilo na kola.

Kalamu mpya iko friji ya nyumbani. Kesho naanza uniti mpya. Nitamwambia njiani, barabara ndefu huwa inalegeza ulimi.


Alhamisi, 20 Machi

Naandika kiti cha abiria. Mkono haujatulia, mistari inapanda na kushuka. Naandika ili nijue kama kichwa kimerudi.

Tulitoka mapema. Nilijichoma bafuni nyumbani, uniti zile mpya, dawa mpya. Mke wangu alikuwa ameweka chai na viazi mezani. Shemeji akapiga honi, tuwahi mzani wa malori kabla foleni haijafika. Nikanywa chai nusu kikombe, viazi nikaviacha, nikatoka; kisanduku cha dawa mke wangu alishakificha chini ya soda za kabini.

Njiani alikuwa na furaha. Kila tulipopunguza mwendo alikuwa anasikiliza friji. Aliniambia anaanza kuielewa hii rilei. Tulipita mzani vizuri. Nikaamua nikivuka daraja nitasema. Tukavuka. Nikaamua mlimani.

Halafu sijui. Jasho, na dirisha liko wazi. Midomo ikafa ganzi. Mstari mweupe wa barabara ukawa miwili, nikaanza kujadili na nafsi yangu nifuate upi. Niliona jambo la kuchekesha sana na sikumbuki lilikuwa nini. Shemeji anaongea, nasikia sauti, maneno siyaelewi. Mguu ukatafuta breki ukaikosa, ukapata. Kuna kitu ndani yangu kinachoendesha bila mimi, ndicho kilichotoa lori pembeni. Tulisimama kwenye changarawe, taa za hatari zinawaka, sijui niliziwashaje.

Shemeji kwanza alizima ufunguo. Ameshazoea sasa, gari likisimama anazima. Halafu akanitazama vizuri. Shem. Shem, mbona hujibu? Nikataka kusema sukari imeshuka, ikatoka kitu kingine. Nikaonyesha friji. Akadhani kiu.

Akafungua. Akatoa soda, na kisanduku kikatoka nayo, kikaangukia mapajani mwake. Alikisoma. Nilimwona anakisoma, midomo yake inatembea. Akafungua soda akanishikia mdomoni, mkono mwingine nyuma ya kichwa changu, nusu ikaingia, nusu ikamwagika kifuani. Nyingine tena. Ameniburuta kutoka kiti changu mpaka hiki, kanifungia mkanda kana kwamba tunakwenda mahali.

Kichwa kimerudi polepole. Sasa nimeelewa. Wiki ile niliongeza uniti kwa sababu dawa ilikuwa imekufa. Nesi akaongeza nyingine kwa sababu sikumwambia imekufa. Leo nikajichoma iliyo hai. Hesabu yenyewe ni ndogo, lakini imenipita yote. Ningekuwa peke yangu — au ningekuwa nimekutana na basi kwenye kona za mlima. Nimeacha hapo, sitaki kuifikisha mwisho.

Shemeji alishuka, akasimama karibu na tairi la mbele, akapiga simu. Dirisha liko wazi. "Dada," akasema, "tangu lini?" Akasikiliza muda mrefu. "Na wewe ukaninyamazia." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua la kufanya.

Alipomaliza alipanda, upande wa dereva. Akaifuta kalamu ya dawa kwa shati lake, akairudisha kwenye friji, akafunga kifuniko. Tukatazama mbele wote wawili. Nikasema samahani. Nikasema na lile la Bi Fyuzi, kwamba kazi ilikuwa nzima, ufunguo niliuacha mimi. Akasema, "Nilimwambia mafundi ni wengi. Mama wa watu."

Halafu akauliza, "Inavumilia joto kiasi gani?" Nikamwambia. Akatia mkono nje ya dirisha akapima jua kwa kiganja, akaurudisha ndani. Akazungusha ufunguo. Nilidhani anawasha aondoke, ama anigeuze nyumbani. Lakini aliishia kituo cha pili. Injini kimya. Friji ikaanza kunguruma.

Hapa hakuna yadi, hakuna wapakiaji, hakuna wa nyuma mwenye jampa. Taa nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi na ameiona, macho yake yako juu yake. Nimemwambia betri itakufa. Akasema anajua, dawa kwanza.

Ameshika usukani wangu kwa mikono yote miwili, na leseni ya lori hana. Mimi ninayo, iko mfukoni, na mikono yangu bado inatetemeka. Sijamwomba anipishe. Yeye hajashuka.